Paka wangu ana kisukari: nichague kopo lipi?

Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia nikiwa nimeketi jikoni, makopo matatu ya chakula cha paka yako mezani, mfuko wa chakula kikavu uko miguuni, na mkononi nina kioo cha kukuzia maandishi, kwa sababu mambo ninayotakiwa kuyasoma yamechapishwa kwa herufi ndogo kuliko sisimizi. Mgonjwa mwenyewe ni paka wetu dume mwenye umri wa miaka 11, aliyehasiwa tangu akiwa mdogo, ambaye nyumbani tunamwita Mstahiki kwa sababu ya mwendo wake wa kiongozi anayekwenda kukata utepe. Siku hizi mwendo huo haupo tena. Miguu yake ya nyuma hulala chini hadi kwenye kifundo, na akipanda ngazi huiburuta kama mtu aliyevaa viatu visivyomtosha.

Dalili zilianza kwa maji. Alikuwa akimaliza bakuli kabla ya mchana, mchanga wa choo chake ukawa unaloa hadi chini kabisa, na ingawa alikula kwa pupa alizidi kukonda, akashuka kutoka kilo 6.8 hadi 5.9. Daktari wa mifugo alimpima damu na mkojo, akasema ni kisukari, na tangu wakati huo ninamchoma insulini yuniti 2 asubuhi na yuniti 2 jioni, kila baada ya saa 12. Tulipokuwa tunaondoka, mkono wangu ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango, daktari aliongeza jambo moja: nimhamishie kwenye chakula cha makopo chenye wanga kidogo. Hakusema kidogo ni kiasi gani, nami sikuuliza, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye sindano.

Sasa, Shangazi, nimegeuza makopo haya kila upande na hakuna hata moja lililoandikwa neno wanga. Kopo jekundu ni nyama ya kuku na maini iliyosagwa ikawa laini, na nyuma yake pameandikwa protini asilimia 11, mafuta 6, nyuzinyuzi 1, majivu 2.5 na unyevu 78. Kopo la kijani, ambalo ndilo nililolipenda kwa sababu limeandikwa kwa herufi kubwa "bila nafaka", lina vipande vya nyama ndani ya mchuzi mzito: protini 8.5, mafuta 3, nyuzinyuzi 0.5, majivu 2, unyevu 80. Kopo la njano ni vipande vya samaki katika maji yake: protini 14, mafuta 1, nyuzinyuzi 0.5, majivu 1.5, unyevu 82. Halafu kuna chakula kikavu alichokula miaka yote, chenye protini 32, mafuta 14, nyuzinyuzi 4, majivu 7 na unyevu 8. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi, kwani kama paka ni mla nyama, kwa nini nimtoe kwenye protini 32 nimpeleke kwenye protini 11?

Kliniki nayo ina chakula chake maalumu cha tiba, cha punje na cha kopo, kilichoandikwa kuwa ni cha paka wenye kisukari, nami sijui kama nifunge macho tu nichukue hicho. Jirani yangu anasema siku hizi kuna vidonge na kwamba sindano ni mambo ya zamani. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye hawezi kuvumilia kilio cha Mstahiki usiku, nimemfuma mara mbili akimtilia kiganja cha punje baada ya sisi kulala. Nimekusudia kubadilisha kila kitu kwa mpigo Jumatatu asubuhi ili tuanze upya. Naomba uniambie nichukue kopo lipi.

Mama wa Mstahiki

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa uuguzi. Nimefurahi kwamba barua yako imenifikia kabla ya Jumatatu, kwa sababu jibu langu la kwanza linahusu siku hiyo kabla halijafika kwenye makopo: Jumatatu usibadilishe chochote. Mpigie daktari simu kwanza, umwambie kwamba unataka kumtoa Mstahiki kwenye chakula ambacho takriban asilimia 35 ya kalori zake zinatokana na wanga, na kumpa chenye asilimia 5 au 6, kisha umuulize dozi ya insulini iweje katika siku hizo na sukari ipimwe mara ngapi. Hizo yuniti 2 zilipangwa kwa paka anayekula punje. Wanga ukiondolewa ghafla na dozi ikabaki ileile, insulini hiyo itateremsha sukari ambayo haiingii tena kwa wingi ule, na paka anaweza kuanguka.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Paka wangu wa kike aliyeishi na kisukari kwa miaka minne nilimbadilishia chakula kwa siku moja, kwa furaha ileile uliyo nayo wewe, bila kumuuliza mtu. Usiku wa tatu, kwenye saa nane, nilisikia bakuli la maji likigongwa gongwa. Nilimkuta amesimama mbele yake, miguu ya mbele ameitanua kama ndama aliyezaliwa muda huo, kichwa kinayumba, macho yananielekea lakini hayanioni. Nilichovya kidole kwenye asali nikampaka kwenye ufizi, nikasubiri, nikampaka tena, na baada ya dakika kadhaa alilamba kidole chenyewe, ndipo nikajua kwamba tutafika kliniki akiwa hai. Tulipofika, daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu nimebadilisha nini wiki hiyo, na nilipomjibu akaandika dozi mpya.

Basi zijue dalili za sukari kushuka kabla hujalifungua kopo la kwanza: njaa ya ghafla isiyo ya kawaida yake, udhaifu, kuyumba, kutetemeka, kujificha mahali asipojificha siku zote, na hali ikizidi, degedege au kuzimia. Ukiziona, usimchome sindano inayofuata. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe chakula mara moja. Akiwa hawezi, mpake asali au sharubati nzito ya sukari kwenye ufizi, wala usimmiminie kitu kinywani, maana kitaingia kwenye mapafu. Kisha mpeleke kwa daktari hata kama ameinuka, kwa kuwa insulini aliyochomwa bado inaendelea kufanya kazi mwilini. Kama daktari atakufundisha kupima sukari nyumbani kwa kutoboa ukingo wa sikio, nami natumaini atakufundisha, basi kipimo kilicho chini ya miligramu 60 kwa desilita, yaani kama milimoli 3.3 kwa lita, kihesabu kuwa dharura. Mwambie pia unatumia mashine gani, kwa sababu mashine za kupimia binadamu huelekea kusoma damu ya paka chini ya hali ilivyo.

Sasa tuyarudie makopo. Wanga huutafuti kwa macho, unautafuta kwa kutoa. Chakula chochote ni maji, protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu (maana yake ni madini yanayobaki chakula kikiunguzwa) na wanga. Kwa hiyo ukijumlisha vile vitano vilivyoandikwa na kuviondoa kwenye 100, kinachobaki ndicho wanga. Kopo jekundu: 11 na 6 na 1 na 2.5 na 78 ni 98.5, linabaki 1.5. Kopo la kijani linabaki na 6. La njano linabaki na 1. Chakula kikavu kinabaki na 35.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu daktari akisema wanga kidogo anazungumzia sehemu ya kalori, si sehemu ya uzito, na wengi wao hulenga chakula ambacho wanga wake hauzidi asilimia 10 hadi 12 ya kalori zote. Kwa hesabu ya vyakula vya wanyama, gramu moja ya protini huhesabiwa kalori 3.5, ya wanga vilevile 3.5, na ya mafuta 8.5. Chukua kopo jekundu, gramu 100: protini inakupa kalori 38.5, mafuta 51, wanga 5.25, jumla ni karibu 95, na ukigawanya 5.25 kwa 95 unapata asilimia 5 na nusu. Hilo limepita, tena kwa nafasi kubwa. Fanya hivyo hivyo kwa kopo la kijani: 29.75 za protini, 25.5 za mafuta, 21 za wanga, jumla 76.25, na sehemu ya wanga ni asilimia 27 na nusu. Ile namba 6 iliyoonekana ndogo ilikuwa imejificha ndani ya maji.

Maji hayo hayo ndiyo yaliyokuchanganya kwenye protini. Kopo jekundu lina maji asilimia 78, maana yake kitu kigumu ndani yake ni 22 tu, na katika hizo 22 protini ni 11, yaani nusu nzima. Chakula kikavu kina kitu kigumu 92, na protini yake 32 ni zaidi kidogo ya theluthi moja. Kwa hiyo humtoi Mstahiki kwenye protini nyingi kumpeleka kwenye chache. Unafanya kinyume chake.

Ukitaka kuona tofauti hiyo bakulini, tuchukue mfano wa paka anayehitaji kalori 230 kwa siku, kiwango ambacho si cha ajabu kwa paka wa kilo tano hivi asiye na mbio. Kalori hizo atazipata kwenye gramu 65 za punje, na humo atakuwa amekula karibu gramu 23 za wanga. Akizipata kwenye kopo la kijani, itabidi ale gramu 300 hivi, na wanga utakuwa gramu 18, ambayo si nafuu ya maana. Akizipata kwenye kopo jekundu, atakula gramu 240 na wanga utakuwa gramu 3.6. Mimi nilipoziandika namba za namna hii kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa friji, ubishi wa nyumbani kwetu uliisha.

Kwa nini wanga umsumbue paka hivyo? Mate yake hayana kile kimeng'enya cha kuvunja wanga ambacho mate yetu yanacho, na ini lake limezoea kutengeneza sukari kutokana na protini muda wote, awe amekula au hajala. Paka mzima huweza kustahimili wanga kiasi. Mstahiki, kwa umri wake, jinsia yake na zile kilo 6.8 za zamani, alikuwa kwenye kundi linalopata kisukari zaidi kuliko mengine, na kisukari cha paka kwa kawaida hufanana na kile cha binadamu kinachoitwa aina ya pili: mwili hauitikii insulini vizuri, na kongosho linachoka kwa kujaribu kufidia. Kila gramu ya wanga unayoiondoa ni mzigo unaoutua. Kwa sababu hiyo baadhi ya paka, hasa wale walioanza insulini na chakula cha aina hii mapema baada ya ugonjwa kugunduliwa, hufika mahali sukari yao ikatulia bila sindano kabisa. Sikuahidi hilo, na hata likitokea huwezi kurudi kwenye punje, lakini ni sababu nzuri ya kutopoteza miezi. Ile miguu ya nyuma nayo ni mishipa ya fahamu iliyoumizwa na sukari. Sukari ikidhibitiwa, wengi wao huanza kuinuka tena taratibu.

Kopo la kijani nitalisema zaidi kidogo, kwa kuwa ndilo linalowanasa watu wengi makini. "Bila nafaka" ni maneno ya kweli yasiyojibu swali lako. Hakuna ngano wala mahindi wala mchele humo, sawa, lakini soma orodha ya viambato nami ninaamini utakuta viazi, njegere, au wanga wa muhogo, na vyote hivyo mwilini mwa Mstahiki ni sukari ileile iliyoingia kwa mlango mwingine. Mchuzi mzito unaong'aa karibu kila mara umeshikizwa kwa wanga wa aina fulani, na wakati mwingine umetiwa sukari au karameli ili upendeze rangi. Vyakula vilivyosagwa vikawa laini kama kopo jekundu huelekea kuwa salama zaidi, ingawa nisikudanganye kwamba ni kanuni isiyovunjika; nimeshika makopo laini yaliyojaa mchele. Kwa upande mwingine, usitishwe na kila jina geni. Gundi za mimea zinazotiwa kidogo ili chakula kishikane hazina uzito katika hesabu hii, na gluteni ya ngano, ambayo watu huikimbia kwa sababu ya jina lake, sehemu yake kubwa ni protini.

Kopo la njano ndilo mtego wa aina nyingine. Kwa hesabu limefaulu: asilimia 6 hivi ya kalori zake ni wanga. Lakini ligeuze uangalie maandishi madogo kabisa, pengine karibu na tarehe, kama pameandikwa chakula kamili au chakula cha nyongeza. Vipande vya samaki katika maji yake mara nyingi ni vya nyongeza, yaani havikutiwa vitamini na madini vyote, na huenda havina taurini ya kutosha, ile asidi amino ambayo paka akiikosa kwa muda mrefu moyo na macho yake huharibika. Mafuta yake asilimia 1 pia yanakuambia kitu: ili Mstahiki apate kalori zake za siku humo angelazimika kula karibu gramu 380. Kikiwa ni cha nyongeza, kitumie kama kitoweo cha kumshawishi, kijiko kimoja juu ya chakula chake, si mlo.

Hesabu niliyokupa ina udhaifu mmoja nawe uujue. Katika baadhi ya nchi, Marekani ikiwamo, lebo hutaja kiwango cha chini cha protini na mafuta na kiwango cha juu cha nyuzinyuzi na unyevu, si kile hasa kilichomo, na majivu mara nyingi hayatajwi kabisa. Majivu yasipotajwa kwenye kopo, weka 2 au 2.5. Jibu litakuwa la kukadiria, na kosa lake kwa kawaida ni kuuonyesha wanga kuwa mwingi kuliko ulivyo, kwani kopo lenye protini au mafuta zaidi ya yaliyoandikwa huacha nafasi ndogo zaidi kwa wanga. Kopo likikupa asilimia 13 au 14 kwa makadirio, usilitupe bado. Mwandikie mtengenezaji umuulize wanga kwa kila kalori 100. Watengenezaji wengi wanayo takwimu hiyo, hawaichapishi tu.

Chakula cha tiba cha kliniki ni kizuri kwa kuwa kimetengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu, na kama hesabu inakuchosha, kopo lao ni chaguo la heshima. Usifunge macho tu. Punje, hata ziwe za tiba, zinahitaji wanga ili zishikane zinapopikwa na kukaushwa mashinani, kwa hiyo punje za kisukari kwa kawaida zina wanga zaidi kuliko kopo la kisukari, na pengine zaidi kuliko kopo lako jekundu la dukani. Karatasi na kalamu vitakuambia.

Kuna jambo moja ambalo lingeweza kuubadilisha ushauri wangu wote, nalo ni figo. Paka wa miaka 11 anaweza kuwa na figo zilizoanza kuchoka bila wewe kuona dalili, hasa kwa kuwa dalili yenyewe ya kunywa maji mengi imefunikwa na kisukari. Makopo yenye wanga kidogo huwa na protini nyingi, na mengine fosforasi nyingi pia. Damu ilikwisha pimwa, basi muulize daktari namba za figo zilikuwaje. Zikiwa nzuri, endelea. Zikiwa mbaya, yeye ndiye wa kuamua kipi kitangulizwe, si mimi wala kopo.

Daktari akishakupa dozi na ratiba ya vipimo, hama kwa siku saba hadi kumi: robo ya kopo na robo tatu za punje kwa siku mbili tatu, kisha nusu kwa nusu, kisha kinyume, isipokuwa akikuelekeza vingine. Paka aliyekula punje miaka 11 anaweza kukitazama chakula laini kana kwamba umemtukana. Kipashe kidogo hadi kifikie joto la mwili, kwa kuwa chakula kilichotoka kwenye friji hakina harufu kwake. Saga punje chache umnyunyizie juu. Mwekee kwenye sahani bapa. Usijaribu kumshinda kwa njaa. Paka, hasa aliyewahi kunenepa, asipokula kwa siku mbili au tatu mafuta hurundikana kwenye ini lake, na ugonjwa huo unaua. Na akikataa mlo karibu na saa ya sindano, usimchome dozi nzima kwa mazoea. Mpigie daktari akuambie. Kopo lililofunguliwa lifunike uliweke kwenye friji, nalo liishe ndani ya siku mbili au tatu. Mpime uzito kila wiki, kwa sababu amepungua kilo karibu moja kwa ugonjwa na hatujui bado ni kiasi gani cha hiyo kilikuwa misuli.

Jirani yako hajakosea kwamba vidonge vipo. Cha kwanza cha aina hiyo kwa paka kiliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2022, nacho hufanya figo zitoe sukari ya ziada kwenye mkojo. Ila kiliidhinishwa kwa paka ambao hawajawahi kutibiwa kwa insulini, kwa sababu ya hatari ya damu kujaa ketoni, yaani asidi zinazotoka mwili unapounguza mafuta kwa kukosa insulini, na Mstahiki ameshachomwa. Mpe jirani salamu zangu.

Binti yako usimgombeze, kwani kiganja chake cha punje kinatokana na huruma, lakini mweleze kwa namba, maana mtoto wa miaka tisa anaweza kugawanya: kiganja cha gramu 15 kina wanga zaidi ya gramu 5, kuzidi wanga wote wa siku nzima kwenye kopo jekundu. Kibaya zaidi, punje za siri zitamfanya daktari aone sukari ya asubuhi iko juu na kuongeza dozi, na usiku ambao mtoto atalala mapema hazitakuwepo. Mpe kazi yake rasmi. Katika zile gramu za siku, tenga vijiko viwili vya kopo jekundu kwenye kibakuli chenye kifuniko, na yeye ndiye awe mwenye kumpa Mstahiki kabla ya kwenda kulala, kisha aandike kwenye karatasi ya friji amekula au amebakiza.

Makopo ya kijani uliyoyanunua usiyatupe. Yaweke kabatini pamoja na chupa ya asali, uyaandike DHARURA kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu siku sukari itakaposhuka kidogo na Mstahiki akawa bado ana uwezo wa kula, ule mchuzi mzito ndio utakaoutaka, na hutakuwa na muda wa kutafuta kioo cha kukuzia maandishi.

Shangazi